Kuchagua Mashine ya Kufungulia Mlango wa Banda la Gari: Somo la Momenti na Mizani

Utangulizi

Mwaka 1973 ulitolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania mjini Dodoma, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi, ardhi inayouzunguka mji huo imepimwa na kujengwa kwa wingi. Mkonze ni mojawapo ya kata hizo za pembezoni. Mwenye nyumba aliye na gari hukabiliwa hapo na tatizo dogo lenye fizikia nyingi. Banda la gari limebanwa kati ya ukuta wa nyumba na uzio. Je, mlango wake ufungukie wapi, na mashine ya umeme ya kuufungua iwekwe wapi?

Makala haya yanaonyesha kwamba jibu halianzi kwenye mashine. Huanza kwenye mizani ya mlango wenyewe. Kanuni zitumikazo ni zile zile zifundishwazo sekondari: kani, momenti, kazi na nishati.

Mlango na nafasi yake

Mlango uliozoeleka ni ule wa chuma wenye mabawa mawili yaendayo kwa bawaba. Ukiwa na upana wa mita 2.4, kila bawa lina mita 1.2, na nafasi hiyo yote lazima iachwe wazi mbele ya banda. Aidha, Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na majira ya kiangazi huwa na upepo mwingi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hukandamiza kila mita ya mraba kwa kani ya niutoni 50 hivi. Bawa la mita 1.2 kwa 2.2 litasukumwa kwa niutoni 130. Kwa kuwa kani hiyo hutenda katikati ya bawa, mita 0.6 kutoka kwenye bawaba, momenti yake ni karibu niutoni-mita 80. Mota ya bawa hilo itapambana na upepo kila siku.

Mlango wa kwenda juu hauhitaji nafasi ya mbele. Aina moja hujikunja kwenye mhimili kama ile ya maduka ya mjini. Nyingine ni ya vipande vilivyounganishwa kwa bawaba, vyenye magurudumu madogo yapitayo katika reli mbili. Mlango hupanda wima, kisha hulala chini ya paa. Mlango wa namna hii ulibuniwa nchini Marekani na C. G. Johnson mwaka 1921, naye akabuni mashine ya umeme ya kuufungua mwaka 1926. Somo hili linahusu mlango huo wa vipande.

Hesabu ya kuinua

Na uchukuliwe mlango wenye tungamo la kilo 80 na kimo cha mita 2.2. Uzito wake ni niutoni 800. Ukiwa umefungwa, kitovu cha uzito kiko mita 1.1 kutoka sakafuni; ukiwa umefunguliwa, mlango mzima umelala kwenye kimo cha mita 2.2. Kitovu kimepanda mita 1.1, kwa hiyo kazi iliyofanyika ni:

800 × 1.1 = jouli 880.

Kazi hiyo ikifanywa kwa sekunde 15, wastani wa uwezo ni wati 59 tu, pungufu ya taa moja ya kizamani ya wati 60. Hapa wanunuzi wengi hukosea: huuliza kwanza mota ina nguvu kiasi gani. Swali lililo kubwa zaidi ni hili: umeme ukikatika, au meno ya mashine yakivunjika mlango ukiwa juu, ni kitu gani kitazuia kilo 80 zisimwangukie aliye chini?

Mizani ya springi

Jibu ni springi ya kujisokota, iliyofungwa kwenye mhimili juu ya mlango. Kila ncha ya mhimili ina gurudumu la kukunjia waya wa chuma, na waya hizo mbili zimeshika ncha za chini za mlango. Ikiwa nusukipenyo ya gurudumu ni mita 0.05, uzito wa mlango uliofungwa hutoa momenti ya:

800 × 0.05 = niutoni-mita 40.

Springi husokotwa hadi itoe momenti hiyo hiyo kwa upande wa kinyume. Mzingo wa gurudumu ni mita 0.314, hivyo mlango hupanda mita 2.2 kwa mizunguko 7. Kadiri mlango upandavyo, springi hulegea na momenti yake hupungua kwa mfuatano sawa. Wakati huo huo, vipande vya juu huingia kwenye reli ya kulala na kuacha kuning'inia, hivyo uzito unaovutwa na waya nao hupungua kwa mfuatano sawa. Mlango ukiwa nusu, uzito unaoning'inia ni niutoni 400 na springi hutoa niutoni-mita 20. Mizani hubaki sawa toka chini hadi juu, na mota huachiwa kazi ya kushinda msuguano tu.

Nishati haikupotea wala haikuzuka. Zile jouli 880 zimo ndani ya springi wakati mlango umefungwa. Zinalingana na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioinuliwa mita 1.76. Kwa sababu hiyo, springi iliyokazwa isifunguliwe na mtu asiye na ujuzi na vifaa vyake. Mkono uliokutana na nishati hiyo ikiachiwa ghafla huvunjika.

Mashine ya darini na mashine ya ubavuni

Mashine ya kawaida huning'inizwa darini katikati ya banda. Huvuta mlango kwa mnyororo au ukanda uendao katika reli ndefu ya kiasi cha mita 3. Huhitaji dari imara na nafasi kati ya mlango na paa. Katika banda lenye paa fupi la bati, nafasi hiyo haipo.

Mashine ya kubana nafasi hufungwa ukutani, ubavuni mwa mlango, na huuzungusha mhimili wa springi moja kwa moja. Dari hubaki wazi kabisa. Lakini mashine hii ina sharti lake. Ile ya darini huweza kuusukuma mlango ushuke. Ya ubavuni haiwezi kusukuma, kwa kuwa waya huvuta tu. Mlango hushuka kwa uzito wake wenyewe. Ukikwama njiani kwa kokoto au vumbi, waya hulegea na huweza kuchomoka kwenye gurudumu. Hivyo mashine ya ubavuni lazima iwe na kifaa cha kutambua waya uliolegea na kusimamisha mota. Isitoshe, haifai kwa mlango usio na mhimili wa springi.

Usalama wa watoto

Nchini Marekani, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kubanwa, sheria ilitaka kila mashine ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia Januari 1993 iwe na ulinzi wa kuzuia kubana, mathalani miale ya mwanga. Miale hiyo huwekwa isizidi sentimeta 15 kutoka sakafuni. Mtoto au mnyama akiikata, mlango unaoshuka hurudi juu. Mnunuzi wa Mkonze asikubali mashine isiyo na ulinzi huo kwa sababu tu ni rahisi.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

1. Mizani: mlango uachanishwe na mota, uinuliwe kwa mkono hadi nusu, kisha uachwe taratibu. Uliosawazishwa hubaki hapo. Ukishuka, springi irekebishwe kwanza na fundi.
2. Nafasi: upimwe ukuta wa ubavuni na kimo kati ya mlango na paa.
3. Umeme: mashine iwe ya volti 230 na hezi 50. Iliyotengenezewa volti 120 za Marekani haifai kuunganishwa moja kwa moja.
4. Umeme kukatika: kuwe na kamba ya kuachanisha mota, na ikiwezekana betri.
5. Vumbi: vioo vya miale vifutwe mara kwa mara, reli isipakwe grisi, maana hunasa vumbi.

Zoezi

1. Mlango wa kilo 60 una kimo cha mita 2.0, na gurudumu la waya lina nusukipenyo ya mita 0.05. Tafuta momenti ya springi mlango ukiwa umefungwa, na nishati iliyomo.
2. Eleza kwa nini mlango wa kilo 80 uliosawazishwa huinuliwa na kijana kwa mkono mmoja.
3. Springi moja ikikatika, kwa nini haifai kuendelea kuifungulia mota?