UVIMBE WA KIZAZI: JE, NI LAZIMA KIZAZI KITOLEWE?

Swali ambalo akina mama hutuuliza mara nyingi kliniki, wodini na hata nje ya kanisa baada ya Misa ni hili: "Sista, nimepimwa altrasaundi nikaambiwa nina uvimbe kwenye kizazi. Je, ni lazima kitolewe?" Jibu fupi ni kwamba mara nyingi si lazima. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu wapo wanaotolewa kizazi wakati njia nyingine ingefaa, na wapo wanaokataa kutolewa mpaka wanaletwa wamebebwa kwenye machela, damu imebaki 4. Mwezi huu tujifunze jambo hili kwa utaratibu.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Kizazi, au mji wa mimba kama wengine wanavyokiita, kimejengwa kwa misuli. Mara nyingine sehemu ndogo ya misuli hiyo huanza kukua peke yake na kufanya donge gumu la mviringo. Donge hilo ndilo madaktari wanaloliita fibroidi. Linaweza kuwa dogo kama punje ya harage, au kubwa hata tumbo likaonekana kama la mimba ya miezi mitano. Linaweza kuwa moja, yanaweza kuwa 20.

Si saratani. Kugeuka saratani hutokea kwa nadra sana. Wala halitokani na kulogwa, na si adhabu ya jambo lolote ulilotenda ujanani. Nasema hivyo kwa sababu tumeona ndoa zikiingia matatani kwa maneno ya aina hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100, na weupe karibu 70 katika kila 100, huwa wamepata uvimbe huu kabla ya kufikia umri wa miaka 50. Wengi wao hawajui kabisa kwamba wanao. Hivyo basi, mama akiambiwa ana uvimbe, swali la kwanza lisiwe "unatolewaje?" bali "unanisumbua nini?"

Uvimbe ulipokaa ni jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Ule unaoota upande wa nje wa kizazi unaweza kuwa mkubwa kama chungwa na mama asisikie kitu, labda kwenda haja ndogo mara kwa mara kwa sababu unabana kibofu. Ule wa katikati ya ukuta huleta hedhi nzito na maumivu. Ule unaochungulia ndani ya kizazi, hata ukiwa mdogo kama zabibu, unaweza kumwaga damu nyingi na kuzuia mimba isishike. Kwa hiyo msilinganishe vipimo vyenu kama mnavyolinganisha mavuno. Wa jirani yako wa sentimita 8 unaweza kuwa mpole, na wako wa sentimita 2 ukawa mkali.

Damu inayopotea kimya kimya

Kwa akina mama wa milimani dalili ya kwanza mara nyingi si tumbo, ni njia. Mama aliyezoea kupanda kutoka Kisiwani hadi Mbaga na mzigo kichwani anaanza kupumzika kila kona. Anasema ni uzee, au ni malaria. Ukimuuliza kuhusu hedhi anajibu, "Ni ya kawaida." Ukiuliza zaidi unakuta ni siku 9, anabadilisha kitambaa kila saa, na kuna mabonge. Amezoea, na mama yake alikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo kwake ni kawaida.

Hedhi inayozidi siku 7, inayolowesha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa, si ya kawaida. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na damu 12 au zaidi. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Pima damu kwanza, maana hata kama uvimbe utaachwa pale ulipo, upungufu wa damu hauachwi. Na kama upasuaji utahitajika, kumpasua mama mwenye damu 6 ni hatari ambayo mara nyingi ingeweza kuepukwa kwa vidonge vya madini ya chuma vya miezi michache.

Vidonge hivyo vinywewe na maji au juisi ya chungwa, si na chai. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, nasi Wapare na chai tunajuana. Acha saa moja au mbili zipite. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likisumbua, zungumza na mhudumu. Wengine humeza siku moja na kuruka moja, na bado vinafanya kazi. Usiache mara tu unapojisikia nafuu, endelea kama miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae.

Njia ya kusubiri

Uvimbe huu hulishwa na homoni za mwanamke. Hedhi ikikoma, nao kwa kawaida husinyaa. Mama wa miaka 48 mwenye uvimbe usiomsumbua sana anaweza kusubiri akipimwa kila baada ya miezi sita au mwaka. Kusubiri ni tiba halali, si uzembe wa daktari.

Lakini hapa kuna onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Mama ambaye hedhi imeshakoma mwaka mzima kisha akaona damu tena, hata tone, asiseme ni "uvimbe ule ule". Aje hospitali, kwa maana inawezekana ni saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Hali kadhalika uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma. Na kila mama mwenye kutoka damu ovyo achunguzwe mlango wa kizazi kabla ya kuzungumzia matibabu mengine.

Dawa

Zipo dawa za kupunguza damu. Vidonge vya asidi ya traneksamiki humezwa siku zile za damu nyingi tu, navyo husaidia wengi. Haviwafai waliowahi kupata damu kuganda kwenye mishipa ya mguu au mapafu. Ibuprofeni hupunguza maumivu na damu kidogo, ila wenye vidonda vya tumbo wajihadhari. Ipo pia sindano inayozima homoni kwa muda. Hiyo husinyaza uvimbe kwa miezi mitatu hadi sita na hutumika zaidi kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji. Ikiachwa, uvimbe hurudi, na ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Kisha kuna vidonge na kitanzi chenye homoni, ambavyo watu wanavijua kama njia za kupanga uzazi lakini hutumika pia kutibu hedhi nzito. Akina mama Wakatoliki huniuliza hili kwa sauti ya chini. Waraka wa Papa Paulo wa 6 wa mwaka 1968, Humanae Vitae, katika namba 15, unasema Kanisa halikatazi tiba ya lazima ya ugonjwa wa mwili hata ikijulikana kwamba itazuia mimba, ilimradi kuzuia huko si lengo lenyewe. Zungumza na paroko wako ukiwa na wasiwasi, lakini usikae unavuja damu kwa sababu ya kuona haya kuuliza. Kitanzi hicho hata hivyo huweza kutoka chenyewe kama uvimbe umepotosha umbo la ndani la kizazi.

Kuhusu dawa za "kuyeyusha uvimbe" zinazouzwa stendi na kutangazwa redioni, sijaona uvimbe ulioyeyuka. Nimeona pesa za mbuzi wawili zikiyeyuka. Chupa isiyo na maelezo ya kilichomo inaweza kuumiza ini na figo, na miezi inayopotea ndiyo inayoleta wagonjwa wakiwa na damu 4.

Kutoa uvimbe na kubakiza kizazi

Hili ndilo watu wengi hawalijui. Daktari anaweza kukata ukuta wa kizazi, akakamua madonge kama mtu anavyotoa kokwa kwenye parachichi, kisha akashona. Kizazi kinabaki. Si jambo jipya. Daktari Victor Bonney wa London aliitetea njia hii kwa nguvu zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati wenzake wengi walikuwa wakitoa kizazi chote. Mke wake mwenyewe alitolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe huu wakiwa bado hawajapata mtoto, na hawakupata kamwe. Koleo alilobuni la kubana mishipa ili damu isimwagike linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Siku hizi hospitali nyingi hutumia hata mpira mwembamba wa mkojo, ukafungwa shingoni mwa kizazi kwa kazi hiyo hiyo.

Uvimbe ulio ndani kabisa unaweza kutolewa kwa kupitia ukeni kwa kifaa chenye taa, bila kupasua tumbo. Mwingine hutolewa kwa matundu madogo tumboni. Hizi zinahitaji vifaa na daktari aliyefundishwa, kwa hiyo kwa sisi wa Same maana yake ni rufaa, kwa kawaida Moshi, KCMC.

Upungufu wa njia hii usemwe wazi. Madonge madogo yaliyoachwa yanaweza kukua tena, na baadhi ya akina mama hupasuliwa mara ya pili. Damu inaweza kuwa nyingi, ndiyo maana tunaomba ndugu waje kuchangia damu kabla, siyo siku ile ile. Na mara chache, damu ikikataa kusimama, daktari analazimika kukitoa kizazi ili kuokoa maisha. Jambo hili liko kwenye fomu ya ridhaa. Usiweke dole gumba kabla hujasomewa.

Kuziba mishipa inayolisha uvimbe

Mwaka 1995 madaktari wa Paris, wakiongozwa na Jacques Ravina, walieleza njia nyingine. Mrija mwembamba sana hupitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi kwenye mishipa ya kizazi, zikamwagwa chembe ndogo za kuziba damu inayolisha uvimbe. Uvimbe hukosa chakula, husinyaa. Hakuna kupasuliwa tumbo. Maumivu ya siku ya kwanza ni makali, na kwa mama anayetaka bado kuzaa madaktari kwa kawaida huchagua kwanza kutoa uvimbe. Nchini kwetu mafunzo ya fani hii yalianza Muhimbili mwaka 2018 kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Marekani, na kuziba mishipa ya uvimbe wa kizazi ni moja ya kazi zinazofanyika huko. Ni mbali na ni gharama, lakini iulizwe.

Lini kizazi kitolewe?

Zipo hali ambazo kutoa kizazi ndiyo njia iliyo bora: mama amemaliza kuzaa na damu haizuiliki kwa dawa, madonge ni mengi mno, uvimbe unabana mirija ya figo, au saratani inashukiwa. Ndiyo njia pekee ambayo uvimbe haurudi. Vifuko vya mayai vikiachwa, mama hazeeki ghafla. Hedhi itakoma, mimba haitakuwapo tena, lakini unyumba unaweza kuendelea baada ya kupona, wiki 6 hadi 8. Baba watoto, jambo hili lisome wewe pia. Mke aliyetolewa kizazi si nusu mke, na haifai wifi na mama mkwe wakae kikao cha kumtafutia mume mke mwingine huku mgonjwa bado ana nyuzi tumboni.

Wale wanaouliza kama ni dhambi: Roma ilijibu tarehe 31 Julai 1993 kwamba ni halali kutoa kizazi kilichoharibika kinapohatarisha kwa kweli maisha au afya ya mama, hata kama matokeo yake ni kutozaa tena. Kinachokatazwa ni kukitoa kizazi kizima kwa nia ya kuzuia mimba tu.

Unapokwenda kwa daktari nenda na mtu wako. Beba karatasi za altrasaundi zote, hata za zamani, maana hizo ndizo zinazoonyesha kama uvimbe unakua au umetulia. Andika tarehe za hedhi za miezi mitatu. Mwambie wazi kama unataka kuzaa bado. Usione haya kwa sababu una miaka 41. Muulize uvimbe umekaa wapi, nini kitatokea ukisubiri, kama unaweza kutolewa bila kizazi, na kama yeye mwenyewe hufanya upasuaji huo au atakuandikia rufaa. Daktari mwema hakasiriki kwa maswali haya. Akikuambia kizazi kitolewe na wewe huna haraka ya damu inayomwagika, una haki ya kusikia maoni ya daktari wa pili.

Neno kwa waliokwisha kutolewa uvimbe na kubakiziwa kizazi. Kizazi chako sasa kina kovu. Subiri muda atakaokuambia daktari kabla ya kushika mimba, na ukishika, anza kliniki mapema na ueleze kwamba ulipasuliwa. Usijifungulie nyumbani wala zahanati, hata kama mkunga ni shangazi yako. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, na wengine hupangiwa kujifungua kwa upasuaji. Kama unakaa Chome, Vudee au Mamba, shuka wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, kwa sababu wakati wa masika barabara haimngojei mtu. Ile karatasi ya upasuaji iweke pamoja na kadi ya kliniki, mahali ambapo mumeo naye anapajua.