Mipira ya Vani: ya Matope au ya Njia Zote?

Wanachama kadhaa wametuuliza swali moja: mtu mwenye vani ya kuchukulia karafuu, akitaka kubadilisha mipira yake, achukue ile ya matope au ile ya njia zote? Swali limekuja wakati wake, maana mipira hununuliwa kabla ya msimu, si siku ambayo gari imekwisha zama. Basi leo tutalitazama, na msomaji mwenye gari tunamwomba aende akaiangalie mipira yake huku akisoma.

Kwanza tuzijue aina zenyewe. Mpira wa matope una meno makubwa, marefu, yaliyoachana, na baina yake mna mifereji mipana. Kazi ya mifereji ile si kushika tope bali ni kulitema. Gurudumu likizunguka upesi tope hurushwa nje, na jino linalofuata hukuta pahali papya pa kuuma. Mpira wa njia zote meno yake ni madogo na yamekaribiana, na aghalabu yamechanjwa michanjo myembamba ya kusaidia kushika barabara yenye maji. Huu hufanya kazi juu ya lami, juu ya kifusi na juu ya njia ya udongo wa kawaida. Udhaifu wake ni udongo wa kinamo. Sisi tuliokaa Pemba twaujua udongo ule mwekundu wa mabondeni: ukiingia katika mifereji myembamba hautoki, na baada ya mizunguko michache mpira umekuwa kama chungu kilichosiribwa, hata jino moja halionekani.

Hapo wengi husema, basi jawabu limepatikana, tununue ya matope. Wasifanye haraka. Mtu achukue safari yake ya kweli aihesabu. Tuseme toka shambani hadi barabara kuu ni kilomita moja ya udongo, na toka hapo hadi kituo cha kununulia karafuu ni kilomita kumi na tano za lami. Katika kila kilomita kumi na sita, basi, moja tu ndiyo ya matope, na hiyo nayo ni matope mvua inaponyesha tu. Mpira utakaochagua utatembea zaidi mahali gani?

Na juu ya lami mpira wa matope una ila zake. Meno yaliyoachana hugusa barabara kwa sehemu ndogo kuliko meno yaliyokaribiana, na lami ikirowa gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Mimi mwenyewe niliwahi kuvalisha vani yangu mipira minne ya matope, nikajiona nimeshinda. Shambani nilipita pale wenzangu waliposukumwa. Siku moja ya mvua za vuli nikishuka mteremko, gari tupu, nilikanyaga breki kwa ajili ya mbuzi. Nyuma ikateleza, gari ikakaa kichalichali ukingoni mwa mtaro. Kwa rehema ya Mungu sikuwa na mtu nyuma. Lakini twajua sote kwamba jioni za msimu wachumaji hupanda juu ya magunia kurudi makwao, na milima yetu ina kona nyingi. Tangu siku ile mipira ya matope kwangu si jambo la fahari.

Ila nyingine ni ndogo kuliko hiyo. Mpira wa matope huvuma barabarani hata mazungumzo yakawa ni kupigiana kelele. Ni mzito, kwa hivyo hula mafuta zaidi. Na juu ya lami yenye joto meno yake huisha upesi.

Hata hivyo asiudharau mtu asiye na njia nyingine. Madhara ya kukwama si kuchelewa tu. Karafuu mbichi iliyochumwa, ikilala ndani ya magunia katika gari iliyozama, hupata joto na kuchacha, na hata ikianikwa kesho yake hutoka mpeta. Kazi ya wachumaji wa siku nzima inapotea bei kwa sababu ya bonde moja. Kwa hiyo mwenye shamba la ndani kabisa, ambaye gari yake hushinda bondeni ikichukua karafuu mbichi mpaka penye uwanja wa kuanikia, na mara chache sana hufika barabarani, huyo na achukue mipira ya matope, kisha akitoka juu ya lami aende polepole. Sisi waliobaki, nao ndio wengi, mipira ya njia zote yatutosha, tena fedha inayosalia tuitie katika ile kilomita moja.

Maana yake ni nini? Bonde baya kwa kawaida ni la hatua hamsini au mia tu. Vifusi vichache vya mawe vikimwagwa mahali pale, na mtaro ukachimbwa kando ili maji yasisimame, gari za majirani wote zitapita, hata zile zenye mipira ya kawaida. Wakati wa haraka hata makumbi na makuti yaliyotandikwa chini ya magurudumu yatosha kuitoa gari. Na siku ya mvua kubwa sioni aibu ya kuiacha gari barabarani, magunia yakachukuliwa kichwani mpaka pale.

Pana jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi mpaka waulizwe, nalo ni uzito. Tazama ubavuni mwa mpira. Vani nyingi za hapa huvaa mpira ulioandikwa 195R15C, au ukubwa ulio karibu na huo. Ile herufi C ni alama ya mpira wa gari za kazi, wenye mbavu ngumu. Baada yake huenda ukaona 106/104. Nambari 106 maana yake mpira mmoja huweza kuchukua kilo 950. 104 ni kilo 900, pale mipira inapovaliwa miwili miwili upande mmoja. Mipira mingi ya matope yenye sura ya kutisha imetengenezwa kwa magari mengine, na ukubwa wake hauingii katika vani: ama itakwaruza bodi usukani ukikatwa, ama haikupimwa kwa mzigo wako. Magunia ishirini ya kilo hamsini ni tani nzima, na uzito wa gari yenyewe haujahesabiwa. Usikubali nambari iliyo chini ya ile iliyoandikwa na watengenezaji wa gari, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Wako wanaotaka kupata yote mawili, wakatia ya matope nyuma na ya barabara mbele. Nyuma ndiko inakosukumwa vani nyingi, kwa hivyo shambani shauri hili huonekana la akili. Juu ya lami iliyorowa sehemu ya mbele hushika na ya nyuma haishiki, na hivyo ndivyo gari inavyogeuka. Valisha minne ya namna moja. Ikiwa fedha haitoshi, basi angalau miwili ya ekseli moja ilingane, na ile mizuri zaidi ikae nyuma.

Upepo nao una kazi yake. Penye tope au mchanga, kupunguza upepo kama robo hivi huufanya mpira utandazike na kukanyaga pahali pakubwa zaidi. Lakini hapo gari iende mwendo wa mtu kwa miguu, na ukishatoka ujaze tena kabla ya kushika barabara, maana mpira laini wenye mzigo hupata joto ukapasuka. Asiye na pampu ndani ya gari asipunguze.

Mwisho, umri wa mpira. Katika mipira ya mtumba meno huweza kuwa marefu na mpira wenyewe umekwisha. Tafuta ubavuni, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, mpira ule ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Kama tarakimu hazipo upande wa nje, ziko upande wa ndani, inama utazame. Ukikuta mipasuko midogo midogo katika mbavu uache hapo hapo dukani. Na mpira wa akiba ukaguliwe pamoja na ile minne, kwani mara nyingi huo ndio mkongwe kuliko yote, nao ndio utakaovaliwa usiku, mvuani, gari ikiwa imejaa karafuu.