Lita Moja ya Petroli: Namna Ununuzi wa Pamoja Unavyomgusa Mtumiaji

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi katika mikutano ya elimu kwa watumiaji ni hili: "Redioni tumesikia bei ya mafuta imeshuka duniani, mbona kituoni kwetu haijashuka?" Ni swali la haki, na mwenye kuuliza hastahili kujibiwa kwa mkato. Jibu lake halipo kwenye pampu. Lipo katika namna bidhaa hiyo inavyonunuliwa kabla haijafika nchini, na mtumiaji anayeielewa hatua hiyo huweza pia kuutumia utaratibu huohuo katika manunuzi ya kikundi chake.

Kabla ya mwaka 2012, kila kampuni ya mafuta nchini Tanzania iliagiza shehena yake yenyewe. Meli zilikuwa ndogo na zilifika bila mpangilio, zikapanga foleni nje ya Bandari ya Dar es Salaam. Meli inayosubiri kushusha hulipwa kwa kila siku ya kusubiri. Tozo hiyo wafanyabiashara huiita demareji. Mwenye meli hakosi malipo yake, na mwagizaji naye huyaingiza katika gharama za bidhaa. Hivyo siku ambazo meli ililala baharini zilimfikia mwendesha bodaboda wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona bahari.

Ndipo ulipoanzishwa Mfumo wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, ambao leo unaratibiwa na wakala wa Serikali. Kampuni huwasilisha mahitaji yao, mahitaji hayo hujumlishwa kwa aina ya mafuta na kwa bandari ya kushushia, yaani Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kisha zabuni hutangazwa. Wazabuni hawashindanii bei ya mafuta yenyewe, kwa kuwa hiyo hufuata soko la dunia. Wanashindania premiamu, yaani kiasi kinachoongezwa juu ya bei ya soko ili kugharimia usafiri wa meli, bima na faida ya msambazaji. Premiamu hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila tani.

Hapa inafaa tutulie na kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: mzabuni mmoja anaomba dola 40 kwa tani ya petroli na mwingine anaomba dola 30. Tani moja ya petroli ni takribani lita 1,340. Tofauti ya dola 10 ikigawanywa kwa lita hizo, na dola moja ikihesabiwa kuwa shilingi 2,500, inapatikana tofauti ya karibu shilingi 19 kwa lita. Wengi wataiona ndogo. Lakini mwendesha bodaboda anayetumia lita nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hupoteza au huokoa karibu shilingi 24,000 kwa mwaka kutokana na zabuni asiyoisikia ikitajwa. Kikundi cha waendeshaji thelathini kinakaribia shilingi 700,000. Ndiyo maana ushindani wa zabuni ni jambo la mtumiaji, ingawa yeye haketi katika chumba cha kufungulia bahasha.

Mafuta hayanunuliwi kama fungu moja. Petroli, dizeli, mafuta ya ndege na mafuta ya taa kila moja lina wateja wake, meli zake na hatari zake. Dizeli huendesha malori, migodi na majenereta, na sehemu kubwa hupita kwenda nchi jirani, hivyo huweza kuletwa kwa meli kubwa zinazoshushia kwenye boya lililo baharini, upande wa Mjimwema. Meli za petroli ni ndogo zaidi na hushushia Kurasini. Mafuta ya taa yalikuwa na tatizo la namna nyingine kabisa: kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo, wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli. Dawa yake haikuwa zabuni. Ilikuwa kuweka vinasaba katika mafuta kuanzia mwaka 2010, na mwaka uliofuata kupandisha kodi ya mafuta ya taa. Hatua hiyo ya pili iliwaumiza waliopikia na kuwashia taa mafuta hayo, na si sahihi kuificha. Kwa ufupi, kila kundi la bidhaa huhitaji mkakati wake. Anayetumia njia moja kwa yote hupoteza penye nafuu au hudanganywa penye hatari.

Kumpata msambazaji wa bei nafuu ni nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kufanya naye kazi vizuri. Msambazaji huwajibika akichelewesha meli, lakini mnunuzi naye ana wajibu: dhamana ya benki iwe tayari kwa wakati na ghala liwe na nafasi ya kupokea. Kampuni moja ikichelewa, meli husubiri na demareji hurudi kwa mlango wa nyuma. Wapo walioamua kutazama masharti ya malipo kuliko kitu kingine. Mwaka 2023 Kenya iliacha zabuni ya wazi na kuingia makubaliano na kampuni za serikali za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ili ipate muda wa siku 180 wa kulipa wakati dola zilipokuwa adimu. Unafuu wa kulipa baadaye na unafuu wa bei ni vitu viwili, na si kila mara hupatikana pamoja.

Sasa turejee kwenye swali la mwanzo. Bei kikomo inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hukokotolewa kwa mafuta yaliyokwisha kununuliwa na kusafirishwa. Kwa hiyo habari njema ya redioni leo huhitaji wiki kadhaa kufika kituoni, na habari mbaya vilevile. Pili, shilingi ikidhoofika dhidi ya dola, huweza kumeza punguzo lote. Tatu, ushuru na tozo nyingi za mafuta ni kiasi maalumu cha shilingi kwa lita, si asilimia. Soko la dunia likishuka kwa robo, bei ya kituoni haishuki kwa robo, kwani sehemu hiyo ya bei haitikisiki. Nne ni umbali: mkazi wa Kyerwa mkoani Kagera hulipia pia safari ya lori kutoka pwani.

Mtumiaji hawezi kubadili mambo hayo manne. Anachoweza kubadili ni namna anavyonunua yeye na wenzake. Tuchukue kikundi cha waendesha bodaboda walioamua kuweka fedha pamoja. Kosa la kawaida ni kumkabidhi mwenzao mmoja fedha zote na kumwambia "ununue vitu vya pikipiki". Kikundi kigawe matumizi yake kwanza, na kwa miezi mitatu kiandike kila shilingi imekwenda wapi.

Mafuta yatachukua sehemu kubwa. Hapo ubora umewekewa viwango na bei ina kikomo, lakini kikomo ni dari tu: kituo kinaweza kuuza chini yake, mradi kifuate kanuni. Kikundi kinachoweza kuahidi lita kadhaa kila siku katika kituo kimoja kina neno la kuzungumza na mwenye kituo. Kizungumze naye. Asipokubali, cha pili kipo ng'ambo ya barabara.

Vilainishi ni kinyume chake. Fedha yake ni ndogo, lakini oili bandia huua injini. Hapa usishindanishe bei. Tafuta duka moja linaloaminika, kagua alama ya ubora na kizibo kisichofunguliwa, ukae nalo. Tairi hununuliwa kwa nadra, hivyo wengi hawajui pa kutazama: ubavuni mwa tairi nyingi kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi haiwi mpya kwa sababu tu haijatembea.

Vipuri ndivyo vinavyotesa vikundi vingi. Ni vidogo, ni vingi, na mara nyingi huchaguliwa na fundi, si mwenye chombo. Fundi anayetumwa dukani huweza kupewa chochote na muuza duka, na wewe ukalipa pasipo kujua. Hatusemi mafundi wote hufanya hivyo. Tunasema tu kwamba malipo ya ufundi na bei ya kipuri yaandikwe kila moja peke yake, na kipuri kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye chombo. Fundi mwaminifu hatachukia. Wengine hupenda hivyo, kwani huwaondolea lawama.

Kikundi kikishapata wauzaji wake, kiwalipe siku ya makubaliano. Muuzaji anayezungushwa wiki tatu hufidia hasara yake katika bei ya mara ijayo au katika ubora wa bidhaa, na hutoa punguzo kwa mwingine. Vilevile kisimtegemee mmoja kwa kila kitu. Walau mara moja kwa mwaka kiulize bei kwingine, hata kama hakikusudii kuhama.

Kituoni, hakikisha bei iliyo kwenye pampu ni ileile iliyo kwenye bango, na kwamba bango linaonekana bayana kabla hujaingia. Angalia pampu ianze kwenye sifuri. Dai stakabadhi yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita, uitunze. Ukiuzwa zaidi ya bei kikomo, au chombo kikasumbua baada ya kujaza, stakabadhi hiyo ndiyo kidhibiti chako mbele ya EWURA. Malalamiko ya kipimo kupunjwa yapeleke kwa Wakala wa Vipimo. Bei kikomo ya eneo lako hupatikana kwa simu ya mkononi kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Mafuta ya kwenye chupa kando ya barabara hayana stakabadhi wala kipimo kilichohakikiwa, na likitokea tatizo hutakuwa na cha kuonesha.