Nukta, Mkwaju na Ritifaa: Uchanganuzi wa Majina ya Faili na Njia Zake katika Lugha ya Haskell

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majina ya faili na njia zake yanavyoshughulikiwa katika Haskell, mojawapo ya lugha za programu za kifankisheni. Hoja kuu ni kwamba njia ya faili, sawa na neno la Kiswahili, si mfuatano wa herufi tu bali ni umbo lenye vijenzi vinavyopangika kwa kanuni. Anayepuuza vijenzi hivyo huweza kuipoteza data aliyoikusanya kwa miezi mingi. Mifano imetolewa kutoka katika kazi ya kuhifadhi data ya utafiti wa lugha.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu wa siku hizi hukusanya data nyanjani, huinukuu, kisha huihifadhi katika tarakilishi. Mahojiano yanapofika arobaini au hamsini, kazi ya kuyapanga na kuyabadilisha majina huachiwa programu. Programu haichoki, lakini pia haina busara. Ikiagizwa visivyo, huziharibu faili zote kwa kasi ileile ambayo ingezitengenezea. Kwa hiyo suala la majina ya faili si la wanasayansi wa tarakilishi peke yao.

Haskell ilipewa jina la mwanamantiki wa Marekani, Haskell Curry (1900–1982), na ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1990. Katika lugha hii, programu hujengwa kwa fankisheni, yaani kanuni zinazopokea thamani fulani na kurudisha thamani nyingine pasipo kugusa kitu kingine chochote. Fankisheni ikipewa kitu kilekile mara mia, hutoa jibu lilelile mara mia. Kazi zinazogusa diski, kama vile kusoma au kuandika faili, hutengwa na kutambulishwa kwa aina iitwayo IO. Utengano huu, kama itakavyobainika, una manufaa makubwa.

2.0 Vijenzi vya Njia

Tazama njia ifuatayo:

/utafiti/Lamu/mahojiano.01.txt

Mkwaju wa kwanza huwakilisha mzizi, yaani mahali ambapo saraka zote huanzia. Hapa mzizi si kiini cha umbo kama ulivyo katika mofolojia, bali ni chanzo chake. Zinafuata saraka mbili, utafiti na Lamu, kisha jina la faili. Sehemu inayoanzia kwenye nukta ya mwisho, .txt, ni kiendelezi.

Njia inayoanzia kwenye mzizi hujitosheleza kimaana, mithili ya kishazi huru. Njia kama Lamu/mahojiano.01.txt haijitoshelezi, maana yake hutegemea saraka ambamo programu inafanyia kazi. Kwa mlinganisho huo, ya kwanza inaweza kuitwa njia huru na ya pili njia tegemezi.

Mifumo ya tarakilishi haikubaliani kuhusu alama ya kutenganisha vijenzi. Unix na jamii yake hutumia mkwaju wa kawaida. Windows hutumia mkwaju uliolalia upande wa pili, na sababu yake ni ya kihistoria: MS-DOS ya mwaka wa 1981 ilikuwa tayari imeutumia mkwaju wa kawaida kutanguliza vibainishi vya amri, na saraka zilipoingizwa katika toleo la pili la mwaka wa 1983, ilibidi alama nyingine itafutwe.

3.0 Upungufu wa Kuichukulia Njia kuwa Herufi Tupu

Katika Haskell, njia huwa na aina iitwayo FilePath. Hata hivyo, tangu awali aina hii imekuwa jina la pili tu la String, yaani mfuatano wa herufi. Kwa sababu hiyo, anayeanza kujifunza hushawishika kuziunganisha njia kwa alama ya kawaida ya kuunganishia herufi:

"Lamu" ++ "2004"

Jibu ni "Lamu2004", saraka isiyokuwepo. Kosa la namna hii hubainika upesi. Lililo la hatari ni lile la kukata. Tuseme mtafiti ana faili mahojiano.01.txt, mahojiano.02.txt na kuendelea hadi arobaini, naye anataka kuandika nakala zenye kiendelezi xml. Akiagiza kwamba kila jina likatwe kwenye nukta ya kwanza, majina yote arobaini yatageuka kuwa mahojiano.xml. Fankisheni writeFile haiulizi lolote inapokuta faili yenye jina hilo. Huifuta iliyokuwepo na kuandika mpya. Mwishoni hubaki faili moja tu. Iwapo zile za awali zilifutwa baada ya kila ubadilishaji, mahojiano thelathini na tisa yametoweka.

Akikata kwenye nukta ya mwisho atakuwa amepunguza hatari lakini hajaiondoa. Katika njia insha.2004/utangulizi, nukta ya mwisho imo katika jina la saraka, na faili yenyewe haina kiendelezi. Kosa hili halitofautiani na la mwanafunzi anayedhani kuwa kila wa- mwanzoni mwa neno ni kiambishi cha wingi, akalikata neno waziri. Herufi ni zilezile, dhima ni tofauti.

4.0 Fankisheni za Kuchanganua na Kuunda

Maktaba ya filepath, iliyoasisiwa na Neil Mitchell na ambayo husambazwa pamoja na GHC, hutoa fankisheni zinazozingatia muundo. Majina yake ni sehemu ya lugha ya Haskell, kwa hiyo yameachwa yalivyo:

takeDirectory "Lamu/mahojiano.01.txt" hutoa "Lamu"
takeFileName "Lamu/mahojiano.01.txt" hutoa "mahojiano.01.txt"
takeExtension "insha.2004/utangulizi" hutoa ""
replaceExtension "mahojiano.01.txt" "xml" hutoa "mahojiano.01.xml"

Kwa uundaji kuna alama </>, ambayo hutia kitenganishi panapohitajika tu. "Lamu" </> "2004" na "Lamu/" </> "2004" hutoa jibu moja: "Lamu/2004". Lakini "Lamu" </> "/2004" hutoa "/2004", kwa kuwa kijenzi cha pili ni njia huru, nacho hakikubali kutegemezwa. Programu inayopokea majina kutoka kwa watu wengine haina budi kulikumbuka jambo hili, la sivyo itajikuta ikiandika nje ya saraka iliyokusudiwa.

Aidha, maktaba haijui nia ya mtumiaji. Kwa jina mahojiano.01 lisilo na txt, replaceExtension huichukua .01 kuwa kiendelezi na kutoa "mahojiano.xml", na maafa yaliyoelezwa hapo juu hurudi kwa mlango mwingine. Panapokusudiwa kuongeza wala si kubadilisha, alama <.> ndiyo ifaayo: "mahojiano.01" <.> "xml" hutoa "mahojiano.01.xml".

Vilevile, fankisheni normalise husafisha njia kwa kuondoa mikwaju ya ziada, lakini haiondoi nukta mbili zinazoashiria saraka ya juu. Si uzembe. Saraka inaweza kuwa kiungo kinachoelekeza mahali pengine kabisa, na kurudi juu kutoka huko hakumfikishi mtu alikotoka. Ukweli huo unajulikana kwa kuiangalia diski tu, ilhali fankisheni hii haiigusi diski.

Hapa ndipo manufaa ya utengano uliotajwa yanapojitokeza. Kwa kuwa majina mapya hupatikana kwa fankisheni zisizogusa diski, yote arobaini yanaweza kukokotolewa kwanza na kukaguliwa kabla ya faili hata moja kuguswa:

length (nub majina) == length majina

Fankisheni nub huondoa marudio. Idadi zikitofautiana, kuna majina yanayogongana na programu isimame. Katika Windows, ambamo kwa kawaida herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi, majina yageuzwe yote kuwa ya herufi ndogo kabla ya ukaguzi.

5.0 Ritifaa na Herufi zenye Alama

Kiswahili kina tatizo lake. Faili iitwayo ng'ombe.txt ni halali katika Unix na katika Windows. Hata hivyo, jina hilo likipachikwa ndani ya amri ya Unix iliyoandikwa kama sentensi moja, ritifaa husomwa kuwa mwanzo wa nukuu isiyofungwa, na amri hushindwa. Dawa si kuuharibu uandishi sanifu kwa kuandika ngombe. Haskell ina callProcess, ambayo hupokea programu na orodha ya hoja zake kila moja peke yake, bila kuzipitisha kwa mfasiri wa amri. Ritifaa hubaki ritifaa.

Isitoshe, programu za uandishi huweza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho, majina mawili hulingana. Kwa Haskell, ni herufi tofauti na jibu la ulinganisho ni False. Hali ni hiyo kwa herufi ũ ya Gikuyu na Kikamba: inaweza kuandikwa kama herufi moja au kama u ikifuatwa na alama ya juu. Katika Linux, faili mbili za namna hiyo huweza kukaa katika saraka moja. Inafaa maumbo hayo yasawazishwe wakati wa kulinganisha tu, na faili ifunguliwe kwa jina lake asilia.

Kuna ugumu zaidi. Katika Unix jina la faili ni mfululizo wa baiti, wala si lazima baiti hizo ziunde herufi zinazosomeka. Kwa hiyo, mwaka wa 2022 maktaba ya filepath iliongezewa aina mpya, OsPath, inayolihifadhi jina kama lilivyotolewa na mfumo wa tarakilishi.

6.0 Aina kama Mlinzi

Maktaba nyingine, iitwayo path, huenda mbali zaidi. Humo njia huru na njia tegemezi ni aina mbili tofauti, na faili na saraka vilevile. Anayejaribu kuiambatisha njia huru nyuma ya saraka hukataliwa wakati msimbo unapotafsiriwa, kabla programu haijatumika. Ni sawa na upatanisho wa kisarufi: msemaji wa Kiswahili hasubiri kueleweka vibaya ndipo agundue kwamba "kitabu imeanguka" ina kasoro.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba njia ya faili ina vijenzi, kwamba alama moja inaweza kuwa na dhima zaidi ya moja, na kwamba zana zinazozingatia muundo hupunguza makosa bila kuondoa wajibu wa mtumiaji. Mtafiti wa Kiswahili anashauriwa kuweka nakala ya akiba, kukokotoa majina yote na kuyakagua kabla ya kuandika, na kutoibadilisha tahajia ya lugha yake ili kuiridhisha tarakilishi. Uchanganuzi wa maumbo aliojifunza katika mofolojia unamfaa hapa pia.