Kadai Ushuru Wako Mwenyewe

Wadogo zangu, najua mshahara umeingia na umeshapita, na karatasi yake imetupwa kwenye droo bila kusomwa. Leo naomba muitoe. Tazameni ule mstari ulioandikwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara. Wengi wenu mkiuona mnaguna tu, basi. Lakini si kila shilingi iliyo hapo ni ya serikali. Ukikatwa kupita kiasi, pesa hiyo ni yako na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, wanapaswa kukurudishia. Tatizo ni kwamba hawatakutafuta wakuletee. Wewe ndiye wa kwenda kuidai, na unaweza kuidai mwenyewe bila kumlipa wakala.

Nianze na mtu anayenitia uchungu kuliko wote: yule aliyefanya kazi sehemu ya mwaka tu. Kandarasi iliisha Julai, au aliachishwa, au alijifungua na hakurudi. Mwajiri hukata ushuru mwezi kwa mwezi, kana kwamba mshahara huo utaendelea hadi Desemba. Sheria nayo hutoza ushuru kwa mapato ya mwaka mzima. Katikati ya hesabu hizo mbili ndimo pesa yako inamolala.

Chukua kalamu. Tuseme mapato yako yanayotozwa ushuru yalikuwa Sh60,000 kwa mwezi, Januari hadi Julai. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Ukishaondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, unakatwa kama Sh10,383 kila mwezi. Kwa miezi saba ni karibu Sh72,680. Sasa hesabu kwa mwaka. Ulipata Sh420,000 kwa jumla, basi. Shilingi 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. Laki moja inayofuata kwa asilimia 25 ni 25,000. Elfu 32 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 9,600. Jumla 63,400, toa nafuu ya mwaka ya 28,800, unabaki na 34,600. Ulilipa 72,680 ilhali ulidaiwa 34,600. Hiyo ni zaidi ya elfu 38, na kuna mtu huko nje asiye na kazi ambaye hajui kwamba anaidai serikali kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Wa pili ni mwenye bima. Ukilipia bima ya maisha, ya afya, au ya elimu ya mtoto, sheria inakupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, mradi nafuu hiyo isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Bima inaweza kuwa yako, ya mwenzi wako au ya mtoto, bora wewe ndiwe uliyelipa. Ile ya elimu lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Mama anayetoa Sh8,000 kila mwezi kwa ajili ya elimu ya mwanawe hulipa Sh96,000 kwa mwaka, na nafuu yake ni Sh14,400. Kama hakupeleka cheti cha bima ofisini, mwajiri hakuihesabu, na amekatwa mwaka mzima kama mtu asiye na bima yoyote. (Yule wakala aliyekuuzia bima alikwambia? Siku ya kusaini alisema mengi, hilo akalisahau.)

Wengine nitawataja haraka. Anayelipa mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe huondolewa riba kwenye mapato kabla ya ushuru, na sasa kiwango ni hadi Sh360,000 kwa mwaka. Anayechangia pensheni mwenyewe nje ya kazi naye ana punguzo lake, hadi Sh30,000 kwa mwezi tukijumlisha na michango mingine ya uzeeni. Viwango hivyo viwili vilipandishwa 27 Desemba 2024, na tangu siku hiyo michango ya SHIF (bima ya afya ya jamii) na ushuru wa nyumba nazo huondolewa kabla ya PAYE kuhesabiwa. Kagua kama mhasibu wenu alifuata. Na wewe mwenye ulemavu uliye na cheti cha msamaha kutoka KRA, Sh150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi ushuru kabisa. Ikiwa unacho na bado unakatwa, acha kusoma hapa uende ofisi ya mhasibu sasa hivi.

Sheria ya Fedha ya 2025 inamlazimu mwajiri kukupa nafuu na mapunguzo yote unayostahili anapohesabu PAYE. Ni jambo jema. Lakini mwajiri hawezi kuotea kwamba una bima au una mkopo. Karatasi lazima umpelekee.

Haya, tufanye kazi. Ya kwanza ni P9, ile karatasi inayoonyesha mwezi kwa mwezi ulipata nini na ukakatwa nini. Ni haki yako kuipata kila mwaka. Kama ulihama kazi katikati ya mwaka, unahitaji ya kila mwajiri, hata yule mliyeachana kwa ubaya. Mwandikie barua pepe fupi yenye adabu na uihifadhi nakala. P9 ikifika, angalia PIN ya kampuni, ambayo huanza na herufi P (yako huanza na A), kisha ujumlishe safu ya ushuru wewe mwenyewe. Usiuamini mstari wa chini kwa sababu tu umechapwa kwa wino mzito.

Ya pili ni ritani kwenye mtambo wa KRA wa iTax, ambayo hujazwa kati ya 1 Januari na 30 Juni kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Hapa ndipo nagombana na nyinyi. Mnangoja siku ya mwisho, mnakwenda saiba, mnampa kijana nenosiri na shilingi mia mbili, naye anawajazia ritani ya sufuri kwa sababu ndiyo ya haraka. Ritani ya sufuri ni ya mtu asiyekuwa na mapato. Wewe ulikuwa na mshahara. Ukijaza sufuri umeiambia KRA uongo, na dai lako umelizika kwa mkono wako. Kuchelewa nako kuna faini ya kuanzia Sh2,000, lakini kujaza vibaya kunaweza kukugharimu zaidi ya hiyo.

Mwanzoni mwa fomu utaulizwa kama una bima, kama una mkopo wa nyumba. Ukijibu "hapana" kwa mazoea, ukurasa wa nafuu hiyo hautafunguka na utamaliza fomu bila kujua ulichopoteza. Jibu ndiyo, kisha uweke PIN ya kampuni ya bima, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na jumla uliyolipa kwa mwaka. Vyote hivyo viko kwenye cheti chao cha mwaka. Nakili kama vilivyo. Tarakimu moja ikikosewa, utakuja kuulizwa maswali miezi mitano baadaye ukiwa umeshasahau.

Mwisho wa hesabu ukiona nambari yenye alama ya kutoa mbele yake, usishtuke. Maana yake wao ndio wanaodaiwa. Wasilisha, uhifadhi stakabadhi, na usifunge kompyuta bado, kwa sababu wengi hukomea hapo wakidhani wamedai. Hawajadai. Rudi kwenye menyu, ingia palipoandikwa "Refunds", ujaze ombi la kurejeshewa na uambatishe P9 na vyeti vyako. Kisha ngoja, na ni kungoja kwa miezi. Jibu barua pepe zao siku hiyohiyo. Ukiwa na deni jingine la ushuru, wataliondoa kwanza humo.

Kuna mambo mawili yanayoharibu dai zuri. La kwanza ni mwajiri aliyekukata lakini hakupeleka pesa KRA. P9 inasema moja, mtambo unasema jingine. Kusanya karatasi zako za mshahara, uzipeleke KRA au Huduma Centre, na umwachie mwajiri ajieleze. La pili ni kuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akikupa nafuu ya Sh2,400. Hapo huenda wewe ndiwe unayedaiwa, kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kuanza kusherehekea.

Miaka iliyopita je? Una miaka mitano ya kudai tangu ulipolipa. Ritani ya zamani iliyojazwa bila bima inaweza kurekebishwa kwenye iTax hiyohiyo. Anza na mwaka wa zamani zaidi, maana huo ndio unaokaribia kukutoka.

Na dada mmoja aliniuliza kama anaweza kuweka akaunti ya mumewe kwenye ombi la kurejeshewa, kwa kuwa "ndiye anayeshughulikia mambo ya benki". Hapana, mdogo wangu. Akaunti lazima iwe ya jina lako, lilelile lililo kwenye PIN yako. Kama huna, fungua wiki hii, na huyo mume utamwambia pesa zikiingia. Au usimwambie, mimi sikusikia.