Mwaka Mpya Shambani: Yatazame Kwanza Mazoea Yako

Ndugu mkulima, Januari ni mwezi wa ahadi nyingi. Mtu hukutana na jirani yake njiani akamwambia, "Mwaka huu nitavuna magunia 25 katika ekari moja," na yule jirani hujibu, "Nami nitaongeza ng'ombe wa pili." Maneno hayo ni mazuri, wala hatuyacheki. Lakini ikiwa mwaka jana ulivuna magunia 12, yafaa kwanza tuulize: yale 13 yaliyobaki yalipotelea wapi? Hayakupotea kwa kukosa ahadi. Yalipotea kidogo kidogo, mwezi wa Aprili, mwezi wa Mei, na tena mwezi wa Novemba, kwa sababu ya mambo tunayoyafanya kila mwaka bila kuyafikiri. Mambo hayo ndiyo mazoea, na somo letu la mwezi huu ni namna ya kuyatazama kabla ya kuweka shabaha mpya.

Somo hili tumeliandika hasa kwa wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, wanaopanda mahindi mara moja kwa mwaka na kufuga ng'ombe mmoja au wawili. Wa sehemu nyingine watabadili miezi tu; kazi ni ile ile.

Andika yaliyotokea, si unayoyataka

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tafuta daftari, hata lile dogo la mtoto wa shule. Kaa jioni pamoja na mkeo au mumeo na watoto wakubwa, maana mara nyingi anayeijua siku ya palizi si mwenye hati ya shamba, bali ni yule aliyeshika jembe. Usianze na mwaka huu. Andika kwanza mwaka uliopita. Mvua ilianza siku gani? Mbegu iliingia ardhini siku gani? Palizi ya kwanza ilikuwa lini? Mbolea ilikuwa mifuko mingapi, na kwa ekari ngapi? Magunia mangapi yaliingia ghalani, mangapi yaliuzwa, katika mwezi gani na kwa bei gani? Na swali ambalo wengi hawalipendi: ni mwezi gani ulipoanza kununua unga dukani?

Utasema, "Sikuandika, nitakumbukaje?" Utakumbuka zaidi ya unavyodhani. Risiti ya duka la mbegu ina tarehe. Fedha uliyomlipa mwenye trekta kwa M-Pesa imeandikwa katika simu, siku na saa. Tena wanawake hukumbuka kazi za shamba kwa kuzilinganisha na Pasaka, na kufunguliwa kwa shule, na siku mtoto fulani alipougua. Siku ambayo hamwezi kuikubaliana, acheni nafasi tupu. Nafasi tupu ni bora kuliko tarehe ya kubuni, kwa sababu hesabu unayojidanganya nayo mwenyewe ndiyo ya hasara kuliko zote.

Visiki havidanganyi

Liko jambo moja ambalo huhitaji kulikumbuka, kwa kuwa bado liko shambani. Kama hujalima tangu mavuno, visiki vya mahindi vinaonekana hata kama mabua yameliwa na ng'ombe. Chukua kamba ya mita 10, uilaze juu ya mstari mmoja, uhesabu visiki. Ikiwa ulipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 25 kati ya mimea, katika mita 10 ungepata visiki 40, na ekari nzima ingekuwa na mimea kama 21,500. Ikiwa ulitumia sentimita 30, tazamia visiki 33. Hesabu mahali patano mbalimbali, si penye mahindi mazuri karibu na nyumba tu.

Tuseme ulitazamia 40 ukapata 28. Maana yake ni kwamba sehemu 3 katika kila 10 za shamba lako zililimwa, zikatiwa mbolea, zikapaliliwa, lakini hazikuwa na mahindi. Hapo huna haja ya kulalamikia mbegu ya duka. Jiulize kwa nini: Je, mbegu ilifukiwa chini mno? Ililala juu ya mbolea bila udongo kati yake ikaungua? Waliopanda walikadiria kwa hatua za miguu badala ya kamba yenye mafundo? Au ndege na panya waliila, wala hakuna aliyerudi kujazia mapengo katika wiki ya kwanza?

Kuna sababu ya kusisitiza haya. Mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, H611, yalitolewa Kitale mwaka 1964, na wengi walidhani kwamba mbegu peke yake itawajaza ghala. Lakini majaribio yaliyofanywa Kitale katika miaka hiyo hiyo yalionyesha kwamba siku ya kupanda, idadi ya mimea na palizi nzuri vina nguvu kubwa mno katika mavuno, na kwamba mbegu bora iliyopandwa kwa uvivu haiwezi kumlipa mwenyewe inavyostahili. Mambo hayo matatu hayauzwi dukani. Ni mazoea.

Kwa nini ulichelewa kupanda?

Kila mkulima ajua kwamba yafaa kupanda mapema, na kila Januari husema hivyo. Sababu yake ni nzuri. Mtaalamu wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, aliandika mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka, ukipata maji, hutoa naitrojeni nyingi kwa ghafla. Naitrojeni ni chakula cha mmea. Mahindi yaliyokwisha kuota hupata karamu hiyo. Mahindi yanayopandwa wiki tatu baadaye hukuta mvua imekwisha kuiteremsha chini, mbali na mizizi michanga.

Basi kama wajua, mbona ulichelewa? Fuata nyayo kurudi nyuma. Ulichelewa kupanda kwa sababu shamba halikuwa tayari. Halikuwa tayari kwa sababu ulimwita mwenye trekta baada ya ngurumo za kwanza, siku ile ile walipomwita watu wote wa kijiji, nawe ukawa wa 15 katika foleni. Ulimwita siku hiyo kwa sababu fedha ya kulima haikuwapo Februari. Haikuwapo kwa sababu fedha yote ya mahindi ilikwisha Januari. Je, umeona? Kuchelewa kwa Aprili kulianza miezi mitatu kabla. Kwa hiyo ukiandika katika daftari, "Mwaka huu nitapanda mapema," hujaandika kitu. Andika hivi: "Fedha ya trekta itawekwa kando siku ile ile nitakapouza gunia la kwanza, na shamba litalimwa kabla ya mwisho wa Februari." Shabaha hiyo ina siku, ina fedha, na mkeo aweza kukuuliza juu yake.

Mahindi ya Januari na unga wa Juni

Hapa twafika penye maumivu. Shule hufunguliwa Januari. Karo yahitajika, sare na vitabu pia, na ghala ndiyo benki iliyo karibu. Wakati huo kila mtu anauza, na bei iko chini. Tuchukue mfano tu, si bei za soko la leo: mkulima wa magunia 12 auza 8 kwa shilingi 3,000 kila moja, apata 24,000. Magunia 4 yaliyobaki yanakwisha Juni, naye anunua mengine 4 kwa shilingi 4,000 kila moja. Magunia 4 aliyoyauza kwa 12,000 ameyarudisha nyumbani kwa 16,000. Amemlipa mwenye duka shilingi 4,000 kwa kumtunzia mahindi yake mwenyewe.

Hatusemi kwamba mtu huyo ni mpumbavu. Mtoto hawezi kungoja bei ya Juni ndipo aende shule. Lakini kulijua tendo hili kuwa ni zoea, linalorudi kila mwaka kama mvua, kwampa mtu nafasi ya kulitayarishia. Kwanza jua chakula chenu: fungueni gunia moja, mwandike siku lilipofunguliwa na siku lilipokwisha, ndipo mtajua mwahitaji magunia mangapi kufika mavuno. Hayo ni ya nyumba, hayauzwi. Kisha tafuta kitu kingine kitakachokomaa kabla ya Januari. Pengine ni mbuzi wawili, au viazi, au fedha ya maziwa iachwe katika chama cha akiba tangu Julai. Tena mwendee mwalimu mkuu Novemba kuomba ulipe kidogo kidogo. Ombi la Novemba husikilizwa kwa upole kuliko la asubuhi ya kufungua shule.

Anayeweka mahindi mpaka Juni lazima ayakaushe vema. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu uliomea katika mahindi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na mahindi kufikia thuluthi ya chupa, funga, tikisa, uiache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Ng'ombe naye ana habari zake

Kwa ng'ombe twauliza mawili tu. Hunywa maji mara ngapi kwa siku? Maziwa karibu sehemu 87 katika 100 ni maji, na ng'ombe anayepelekwa mtoni mara moja hawezi kutoa maji ambayo hakuyanywa. Pili, nani humtazama alfajiri na jioni kuona kama anataka dume? Joto likipita bila kuonekana, wangoja kama siku 21 nyingine, nawe wamlisha siku hizo zote. Kabla ya kununua ng'ombe wa pili, tazama kama yule wa kwanza ametendewa haki.

Chagua machache

Ukimaliza kuandika, utaona makosa kumi au zaidi. Usijaribu kuyatengeneza yote. Chagua mawili, hasa yale yasiyohitaji fedha, na uyafungamanishe na kazi unayoifanya tayari. Mwandishi wa somo hili aliwahi kuanza daftari la maziwa mwaka mpya, akaliacha kabla Februari haijaisha, kwa sababu lilikuwa katika sanduku chumbani na mikono yake ilikuwa na maziwa. Mwaka uliofuata alilitundika kwa msumari kwenye mlango wa zizi, pamoja na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Lilijaa, ingawa ndama alitafuna kurasa mbili.

Kazi ya wiki hii ni hii: hesabu visiki mahali patano, na andika mwezi ulipoanza kununua unga. Afisa wa kilimo wa wadi yenu akija, au ukimwendea ofisini, mwonyeshe ukurasa huo kwanza kabla ya kumwuliza habari za mbegu mpya.