Kutambua Ugonjwa wa Kompyuta: Somo kutoka Uwanda wa Makonde

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hukubali rasmi mashine zenye prosesa za miaka ya karibuni tu. Kwa hiyo kompyuta mpakato nyingi zilizokwishatumika, ambazo hufika mashuleni kwa msaada au kwa bei nafuu, zimo katika njia panda: ama zitupwe ilhali maungo yake bado ni mazima, ama ziwekewe mfumo mwingine.

Mfumo ambao aghalabu hutumiwa kuzihuisha mashine hizo ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mfumo huu hutolewa bila malipo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuuchunguza na kuurekebisha. Wala si mgeni katika Tanzania: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, uliotokana na kazi hiyo hiyo ya programu huria.

Hata hivyo, kuupata mfumo bila malipo ni jambo moja, na kuuweka ukakaa ni jambo jingine. Kwa shule iliyoko Tandahimba, Mahuta au Newala, kumpelekea fundi mashine hadi Mtwara mjini ni gharama ya nauli na ya siku za masomo. Zaidi ya hayo, fundi asiyechunguza vizuri huweza kuihukumu mashine kuwa imekufa, kumbe ina kasoro ndogo inayoondolewa kwa dakika kumi. Makala haya yanaonyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kuitafuta kasoro kwa njia ile ile wanayofundishwa katika maabara ya fizikia na kemia.

Safari ya kuwaka

Ili kujua mahali mashine ilipokwama, sharti kwanza ijulikane njia inayopita. Kompyuta inapowashwa hupitia hatua nne.

Hatua ya kwanza ni ya programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya bodi kuu. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Katika hatua ya pili programu nyingine, iitwayo kipakizi, husomwa kutoka katika diski au flashi. Kazi yake ni kukitafuta kiini cha Linux na kukiweka katika kumbukumbu. Hatua ya tatu ni ya kiini chenyewe, ambacho hutambua maungo yote ya mashine na kuyapatia programu za kuyaendesha. Katika hatua ya nne huanzishwa huduma za kawaida, na mwishowe kioo cha kuingilia hutokea.

Mgawanyo huu una faida kubwa. Mashine isiyoonyesha hata nembo ya mtengenezaji imekwama katika hatua ya kwanza, na kubadili toleo la Linux hakutaisaidia. Mashine inayofikia menyu ya kipakizi kisha kioo chake kikawa cheusi, mara nyingi ina tatizo katika hatua ya tatu, hasa la programu inayoendesha kioo. Huyo wa pili hujaribiwa kwa kuongeza neno nomodeset katika mstari wa kipakizi, ili kiini kitumie njia ya msingi ya kuonyesha picha.

Mfano wa uchunguzi

Chukua mfano wa kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, katika vipande viwili vya gigabaiti 4. Mwalimu anaiwekea Linux kwa kutumia flashi. Mara ya kwanza kazi inakwama ilipofikia asilimia 37. Mara ya pili inakwama katika asilimia 62. Mara ya tatu inamalizika, lakini mashine inaganda baada ya nusu saa. Aidha, saa yake inaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na Wi-Fi haionekani kabisa.

Kosa la kawaida hapa ni kuzidhani dalili hizi zote kuwa ni ugonjwa mmoja, au kubadili vitu vitano kwa mara moja. Akibadili vitano na mashine ikapona, mwalimu hatajua dawa ilikuwa ipi. Na tatizo likirudi, ataanza upya. Kanuni ya maabara ni ile ile: badili kigezo kimoja, vingine viache kama vilivyo, kisha andika matokeo katika daftari.

Kabla ya yote, kazi za wanafunzi zilizomo katika diski zinakiliwe kwingine. Kuweka mfumo mpya kwa kawaida hufuta vilivyomo, na kazi iliyofutwa ni hasara kuliko mashine yenyewe.

Kupima dhana moja baada ya nyingine

Dhana ya kwanza ni kwamba faili la Linux liliharibika lilipopakuliwa. Faili la gigabaiti kadhaa, likipakuliwa kwa mtandao unaokatikakatika, huweza kufika na upungufu. Kwa sababu hiyo watoaji huchapisha pamoja na faili alama ya utambulisho ya SHA-256, yenye biti 256, ambayo huandikwa kwa tarakimu 64. Amri ya sha256sum hukokotoa alama ya faili lililopo. Alama mbili zikilingana, faili ni zima. Ikitofautiana hata tarakimu moja, faili lipakuliwe tena.

Katika mfano wetu kuna kidokezo kingine. Faili lenye kasoro kwa kawaida hukwamisha kazi mahali pale pale kila mara. Mashine hii ilikwama mahali tofauti. Kasoro inayohamahama huelekeza macho kwenye kumbukumbu, joto, au mguso hafifu wa nyaya.

Dhana ya pili ni diski. Amri ya smartctl husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake, ikiwa ni pamoja na idadi ya sehemu zilizoharibika na kubadilishwa. Idadi hiyo ikiongezeka wiki hadi wiki, diski inaelekea kufa.

Dhana ya tatu ni joto. Amri ya sensors huonyesha halijoto ya prosesa. Ikiwa mashine huganda tu inapopata moto, feni na matundu ya hewa yasafishwe. Vumbi laini la mchanga wa uwanda huu huingia humo kwa urahisi, hasa wakati wa kiangazi.

Dhana ya nne ni kumbukumbu. Gigabaiti 8 ni biti 68,719,476,736, na biti moja tu inayogeuka kutoka 0 kuwa 1 huweza kuigandisha mashine. Programu ya Memtest86+ huandika ruwaza mbalimbali katika kumbukumbu yote, kisha huzisoma na kulinganisha. Huwashwa kutoka katika flashi, bila kuhitaji mfumo endeshi.

Vipande viwili, tundu mbili

Tuseme alama ya faili imelingana, diski ni nzima, joto ni la kawaida, lakini Memtest86+ imeonyesha makosa. Je, kipande kinunuliwe kipya? La, bado. Mashine inazimwa, waya wa umeme na betri vinaondolewa, na mfanyaji anagusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umemetuli mwilini. Kisha vipande A na B vinajaribiwa kimoja kimoja katika tundu la 1 na la 2:

A katika tundu 1: hakuna kosa.
A katika tundu 2: makosa.
B katika tundu 1: hakuna kosa.
B katika tundu 2: makosa.

Makosa yanafuata tundu, hayafuati kipande. Kwa hiyo kununua kipande kipya kungekuwa kupoteza fedha. Lakini tahadhari: kuchomoa na kuchomeka huparuza miguso na huweza kuisafisha kidogo, hivyo kuyavuruga matokeo. Ndiyo maana kila jaribio lirudiwe angalau mara mbili.

Salfa ya mikorosho

Kwa nini mguso wa tundu uharibike? Sababu huweza kuwa vumbi, unyevu, au kipande kisichokaa sawasawa. Katika wilaya zinazolima korosho kuna sababu nyingine inayostahili kuzingatiwa. Kuanzia mwezi Juni hivi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima huipulizia unga wa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Unga huo ni mwepisi, husafiri kwa upepo, na mifuko yake mara nyingine huhifadhiwa ndani ya nyumba.

Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba salfa huungana na shaba na fedha, hasa penye unyevu, na kufanya salfaidi nyeusi. Miguso ya kumbukumbu hupakwa dhahabu, ambayo haishambuliwi na salfa. Lakini tabaka hilo ni jembamba mno, na penye vitundu metali iliyo chini yake hushambuliwa. Wahandisi hutumia mvuke wa salfa penye unyevu makusudi ili kuvifichua vitundu vya namna hiyo. Salfaidi inapojikusanya, ukinzani wa mguso huongezeka, na ishara ya umeme hufika ikiwa dhaifu.

Hili lisichukuliwe kuwa hukumu ya kila mashine ya Tandahimba. Ni dhana ya kupimwa. Miguso isafishwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi, iachwe ikauke, kisha Memtest86+ iendeshwe tena. Makosa yakitoweka, dhana imepata nguvu. Yasipotoweka, mashine itumike na tundu moja: gigabaiti 4 zatosha kwa Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce. Kinga ni rahisi: kompyuta isihifadhiwe chumba kimoja na mifuko ya salfa, na ifunikwe wakati wa kupulizia.

Saa na Wi-Fi

Dalili mbili zilizobaki hazihusiani na kumbukumbu. Saa ya kompyuta huendeshwa na kioo cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, yaani 2 kwa kipeo cha 15, na hupata nguvu kutoka betri ndogo, kwa kawaida ya volti 3. Betri ikiisha, tarehe hurudi nyuma. Hapo Linux hukataa kupokea programu mpya, kwani hati za usalama za mtandao huonekana kuwa bado hazijaanza kutumika. Tarehe irekebishwe, na betri ibadilishwe.

Kuhusu Wi-Fi, amri ya dmesg huonyesha maelezo ya kiini kuhusu kila ungo. Ukionekana ujumbe unaotaja neno firmware pamoja na jina la faili lililokosekana, kifaa si kibovu; kinakosa programu yake ya ndani. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu nyingi za aina hiyo zimo katika flashi ya kuwekea mfumo. Kabla ya hapo, simu inaweza kuunganishwa kwa waya wa USB ili kuipatia kompyuta intaneti. Mwenye mashine ya biti 32 akumbuke kwamba Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kiwekeo cha mashine hizo.

Hitimisho

Mashine iliyoonekana mfu ilikuwa na kasoro tatu ndogo zisizohusiana: mguso mchafu, betri iliyokwisha na faili lililokosekana. Hakuna hata moja iliyohitaji bodi mpya. Darasa lililozitenganisha limeokoa kompyuta, na limejifunza kuwa dalili sio ugonjwa.

Mazoezi

1. Kazi ya kuweka Linux inakwama katika asilimia 48 kila mara. Ni dhana ipi ipimwe kwanza, na kwa nini?
2. Matokeo ya vipande A na B yangekuwaje endapo kasoro ingekuwa katika kipande B?
3. Buni jaribio la kutofautisha kati ya faida ya kusafisha miguso na faida ya kuchomoa na kuchomeka tu.
4. Onyesha kwa hesabu kwamba gigabaiti 4, kila gigabaiti ikiwa baiti 2 kwa kipeo cha 30, ni biti 2 kwa kipeo cha 35.